Maswali Yenu: Msitu wa Mlimani na Maumbo Yake

Barua za mwezi huu karibu zote zimepanda mlima: Kilimanjaro na Meru. Tumechukua tano. Walioandika kuhusu kahawa na ndizi wavumilie hadi toleo lijalo.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Moshi mjini, nina wanafunzi 32 wa kidato cha tano. Tulipoenda msituni mara ya mwisho walirudi na orodha ya majina 14 ya miti waliyotajiwa na mwongozaji, basi. Nataka waone maumbo ya mimea, si majina matupu. Nifanyeje, na kwa vifaa vya bei ndogo? (Mwalimu, Moshi)

JIBU: Mwalimu, majina yaache yakae kwanza. Ili uutambue mti kwa uhakika unahitaji ua au tunda, na msituni vyote viwili viko mita 25 juu ya kichwa chako. Umbo unaliona ukiwa umesimama chini, bila darubini wala kitabu. Halafu angalia hesabu. Kilimanjaro una spishi za mimea zipatazo 2,500, na katika ukanda wa msitu ziko kama 900. Miti ni spishi 130 hivi. Vichaka ni 170, mitambazi 100, mimea inayoishi juu ya miti mingine (epifaiti) 140, na kangaga nao wanakaribia 140. Msizijumlishe namba hizo, maana kangaga wengi ni epifaiti vilevile. Jambo la kushika ni kwamba mwanafunzi aliyerudi na miti mitupu ameacha sehemu kubwa ya msitu nyuma yake.

Wagawe makundi manne ya watu wanane. Kila kundi lipime mraba wa mita 20 kwa 20. Vifaa: kamba ya manila mita 90, vigingi vinne, futi kamba ya fundi cherehani, timazi (uzi wenye kitu kizito mwishoni), penseli (kalamu ya wino ukungu wa mlimani huifuta) na darubini ya macho mawili angalau moja. Ndani ya mraba, kwenye kona moja, watenge mita 5 kwa 5 kwa ajili ya vichaka na miche, na humo ndani mita 1 kwa 1 kwa mimea laini ya chini.

Kosa la kwanza hutokea hapa hapa, kabla hata mmea mmoja haujahesabiwa. Watoto hulaza kamba juu ya mteremko wakaiita mita 20. Eneo la mraba hupimwa kwa usawa, kama ramani inavyoona, si kwa kufuata ardhi. Kwenye mteremko wa nyuzi 25, mita 20 za usawa ni mita 22 za juu ya ardhi. Kwenye nyuzi 30 ni 23. Bila kusahihisha, mraba wenu unapungua na kila kundi linapata eneo lake. Dawa yake ni rahisi: wapime vipande vifupi vya mita 4 au 5, kamba imenyooshwa usawa, na timazi iangushwe kuonyesha pale kipande kinachofuata kinapoanzia.

Sasa maumbo. Kila mmea uulizwe maswali manne. Mizizi yake iko ardhini au juu ya mti? Unasimama wenyewe au unaegemea? Shina lake ni la mbao au ni laini? Na chakula unajipikia au unanyonya cha mwenzio? Wenye mizizi ardhini, unaosimama wenyewe, wa mbao, shina moja, unaozidi mita 5: mti. Wa mbao lakini unagawanyika tangu chini: kichaka. Wenye mizizi ardhini na mbao lakini usioweza kusimama bila wa kumshika: mtambazi. Usiogusa ardhi na unajipikia: epifaiti. Usiogusa ardhi na unanyonya: kimelea.

Waandalie na mitego, maana humo ndimo somo lilimo. Kangaga-mti, Cyathea manniana, wa kwenye makorongo yenye maji, ana shina refu kama mnazi, lakini hilo si mbao inayonenepa mwaka hata mwaka. Lobelia gibberoa hupita mita 6 na shina lake ni laini, lina uwazi ndani. Watoto wa Uchagani hawatasumbuka, wanajua tangu nyumbani kwamba mgomba si mti: lile shina ni vitako vya majani vilivyokumbatiana. Mtego mkubwa kuliko yote ni mtini mnyongaji. Huanza kama epifaiti, kutokana na mbegu iliyoachwa na ndege au tumbili kwenye kwapa la tawi. Kisha hushusha mizizi mpaka ardhini, mizizi hiyo huungana, humzunguka mwenyeji wake, na akifa akaoza mtini hubaki umesimama na uwazi katikati. Ule mti maarufu wenye tao katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambao gari lingeweza kupita chini yake, ni wa namna hiyo. Wanafunzi wauandike kwa umbo walilolikuta siku hiyo, na pembeni waandike ulianzaje.

Kuhusu unene: pimeni mzingo kwa futi kwenye kimo cha mita 1.3 upande wa juu wa mteremko, kisha gawanyeni kwa 3.14 mpate kipenyo. Chukueni miti yenye mzingo wa sentimita 31.4 na kuendelea, yaani kipenyo cha sentimita 10. Mti wenye mizizi iliyosimama kama mbao kuzunguka shina upimwe juu ya pale mbao hizo zinapoishia, la sivyo mti mmoja utatoka na kipenyo cha kuchekesha na kuharibu wastani wote. Mti uliogawanyika chini ya mita 1.3 ni mashina mawili lakini mti mmoja. Ulio juu ya kamba uhesabiwe kwenye pande mbili za mraba mlizokubaliana mapema, pande nyingine mbili uachwe. Msipokubaliana, kila kundi litaupendelea mti mkubwa.

Kwa epifaiti msipande mti. Chagueni miti mitano mikubwa, kila mmoja mwugawanye kwa macho sehemu tano: kitako, shina, matawi ya ndani, ya katikati, na vijiti vya nje. Andikeni nini kiko wapi. Chini mtakuta kigoga (lile zulia la kijani) na wale kangaga wembamba ambao jani lao lina unene wa seli moja tu, kwa hiyo hawawezi kuishi pasipo unyevu wa kudumu. Kwenye matawi mazito, ambako majani yaliyooza yamejikusanya kama udongo, kuna okidi na kangaga wakubwa. Nje kabisa, juani na upeponi, zimebaki laikeni zinazoning'inia kama ndevu. Mti mmoja hivyo una hali ya hewa tano.

Kibali: ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwombe TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) mapema, na hakuna kuchuma hata jani. Tangu mwaka 2005 mipaka ya hifadhi imeshuka ikameza na ule uliokuwa msitu wa akiba, kwa hiyo msidhani mkiwa chini ya geti mko huru. Kwa mazoezi ya kamba na timazi tumieni kwanza msitu wa Rau hapo hapo Moshi, kwa ruhusa ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Si msitu wa mlimani; uko chini ya mita 800 na unaishi kwa maji ya ardhini. Ila una mitambazi ya kutosha, na kosa la Rau halina gharama ya geti.

SWALI: Naongoza wageni njia ya Marangu. Wakitoka Meru huniuliza, "Mianzi iko wapi?" Nami sina jibu. Pia wanauliza kwa nini msitu unakatika ghafla baada ya kambi ya Mandara. (Mwongoza wageni, Himo)

JIBU: Wageni wako wana macho. Milima mirefu ya Afrika Mashariki inayopata mvua kama hii ina mkanda wa mianzi, Meru ikiwemo, na Kilimanjaro hauna. Kuna kipande kidogo tu upande wa kaskazini. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, alieleza hivi mwaka 2006: mianzi hunufaika pale tembo na nyati wanapovunja msitu na kuufungua. Hapa kwetu wanyama hao wako upande wa kaskazini, ambako ni kukavu mno kwa mkanda mpana wa mianzi. Upande wa kusini wenye mvua, makorongo makali na mashamba ya watu yamewazuia. Kwa hiyo mianzi ilihitaji vitu viwili pamoja, maji na tembo, na mlima huu umeviweka pande mbili tofauti.

Kuhusu kukatika kwa msitu, wape wageni hesabu moja wakiwa bado getini. Kila ukipanda mita 100, joto hushuka kwa takriban nusu nyuzi na kidogo, tuseme 0.6. Kutoka Moshi mjini (mita 800) mpaka Mandara (mita 2,700) umepoteza kama nyuzi 11. Mvua nayo haipandi tu moja kwa moja: upande wa kusini huongezeka hadi kwenye mita 2,000 na ushee, kisha huanza kupungua. Ndiyo maana sehemu nono ya msitu, ile ya mkulo (Ocotea usambarensis, Wachaga wanauita mseri), iko katikati na si juu. Wageni wayatazame majani njiani. Chini ni mapana, mengi yana ncha ndefu ya kuchuruzishia maji. Ukikaribia Mandara inaingia miti ya podo, jani jembamba na gumu. Ukipita Mandara ni Erica, jani kama sindano lililokunjwa kwa chini. Jani dogo namna hiyo halipotezi maji ovyo kwenye jua kali, upepo na baridi.

Lakini hapo pana jambo ambalo waongozaji wengi hulisema vibaya. Wanawaambia wageni kwamba vile vichaka vya Erica vya kufika kiunoni ndilo umbo lake. Sivyo. Erica isiyoguswa na moto huwa mti wa mita kadhaa, na msitu wake ulikuwa ukifika juu zaidi. Moto unaorudia rudia umeushusha ukingo wa juu wa msitu kwa mamia ya mita. Podo ikiungua imekwenda. Erica huchipua tena kutoka kitakoni, ila kwa mashina mengi mafupi. Moto ulioanza tarehe 11 Oktoba 2020 karibu na Whona, kati ya Mandara na kambi ya Horombo, uko kwenye njia yako hiyo hiyo. Kichaka chenye machipukizi mengi kutoka kisiki kimoja cheusi ni ushahidi wa moto, waonyeshe.

Siku ukipata wageni wa njia ya Rongai, hadithi ni nyingine: kule ni kukavu, utakuta mtarakwa wenye gome linalochanika kama kamba, pamoja na mzeituni mwitu.

SWALI: Ni kweli mti mrefu kuliko yote Afrika uko Kilimanjaro, au ni maneno ya vijiweni? (Msomaji, Sakina, Arusha)

JIBU: Ni kweli, kwa miti ya asili ya Afrika. Ni Entandrophragma excelsum, jamaa wa mkangazi, wenye urefu wa mita 81.5. Vipimo vilichapishwa mwishoni mwa mwaka 2016. Uko kwenye korongo la mlima, na hapo ndipo siri yenyewe ilipo: udongo wa volkano wenye rutuba, maji na kinga ya upepo. Mti wa namna hiyo ukiuweka mgongoni mwa kilima upepo ungeukata kichwa zamani. Umri unakadiriwa kuwa miaka mia tano na zaidi.

SWALI: Ile mimea mikubwa kama kabichi juu ya nguzo, inayoonekana juu ya Horombo, kwa nini haidondoshi majani makavu? Nilimwona mwenzangu akiyachuna ya kujifunikia. Na je, naweza kuuotesha nyumbani Moshi? (Mpagazi, Marangu)

JIBU: Mwambie mwenzako amemvua mtu koti usiku. Huo ni Dendrosenecio kilimanjari, unaopatikana mlima huu tu. Kule juu mchana jua linachoma, usiku maji yanaganda, na hali hiyo hurudi karibu kila siku ya mwaka. Mmea una akiba ya maji ndani ya kiini cha shina. Majani makavu yanayobaki yameshikamana nalo huzuia akiba hiyo isigande. Yakichunwa, shina hupoa kupita kiasi. Asubuhi jua linapowaka, majani ya juu yanataka maji na maji hayapandi. Mmea haufi siku hiyo, ndiyo sababu mchunaji hajioni kuwa ameua. Na majani mabichi hujikunja usiku kufunika chipukizi, kama ulivyosema, kabichi.

Jirani yake, Lobelia deckenii, ana mbinu tofauti. Shada lake la majani hushika maji kama bakuli. Usiku hutanda barafu juu, chini ya barafu maji hubaki, na chipukizi lililo ndani haligandi. Ukilimwaga bakuli hilo kwa kuchezea fimbo, umemwacha uchi vilevile.

Nyumbani Moshi hauwezi. Umejengwa kwa usiku wa baridi na ukuaji wa polepole sana. Kwenye joto la bondeni huoza. Na kuutoa hifadhini ni kosa la jinai.

SWALI: Wanangu, mti wangu wa parachichi umevamiwa. Kuna majani ya kijani kibichi, kuna kama nywele za kijivu, kuna na vimajani vyenye mizizi myeupe. Mjukuu anasema vyote vinanyonya, anataka kusugua mti mzima kwa panga. Matunda yamepungua kweli upande mmoja. (Mama, Kibosho)

JIBU: Shikamoo mama. Mjukuu aweke panga chini kwanza. Kwa maelezo yako mti una wageni wa namna tatu, na mwizi ni mmoja.

Zile nywele za kijivu ni laikeni. Zimeshika gome tu, zinakula mwanga, hewa na ukungu. Vimajani vyenye mizizi myeupe huenda ni okidi: ule weupe ni ngozi kama sifongo inayofyonza maji ya mvua na ya ukungu, haiingii ndani ya mti. Kangaga na kigoga ni hivyo hivyo. Hao ni wapangaji. Wamepanga chumba, hawali chungu kimoja na mwenye nyumba. Laikeni zikizidi ghafla, mara nyingi ni kwa kuwa mti umepungukiwa majani na mwanga umeingia ndani. Yaani ni dalili ya mti kudhoofika, si chanzo. Ukizisugua kwa panga unachubua gome, na kwenye jeraha la parachichi kuvu huingia bila hodi.

Mwizi ni yule wa majani ya kijani kibichi, kirukia. Hakikisha kwa mambo haya. Jani lake ni nene, gumu, si umbo la jani la parachichi. Fuata kijiti chake mpaka kinapogusa tawi: kirukia hana mizizi inayotambaa juu ya gome kama kangaga, ameingia ndani kabisa, na pale alipoingia tawi limevimba kama goti. Kuanzia kwenye goti hilo kwenda nje, tawi la parachichi ni jembamba, lina majani machache, au limekauka. Kwenye miti inayopukutisha majani kama mringaringa ni rahisi zaidi, maana wakati wa ukavu mwenyeji anabaki mtupu na yeye kirukia amekaa kijani. Ua lake ni kama bomba dogo, mara nyingi jekundu au la machungwa. Ndege hula tunda, mbegu yenye ulimbo ikamnata mdomoni au kwenye kinyesi, akaisugua kwenye tawi lingine ili ajinasue. Hapo kapanda.

Kumvunja kwa mkono hakusaidii. Sehemu iliyo ndani ya tawi hubaki, na huchipua tena. Kateni tawi lenyewe, sentimita 30 hadi 50 chini ya uvimbe, kuelekea shina. Tumieni msumeno wa kupogolea. Anzeni na mkato wa chini, theluthi moja ya unene, sentimita chache mbele ya pale mtakapomalizia. Kisha kateni kutoka juu. Mkianza juu moja kwa moja, tawi zito huchanika na kuondoka na gome mpaka shinani, na hilo jeraha litakuwa baya kuliko kirukia. Fanyeni kazi hiyo siku kavu, kabla matunda yake hayajaiva. Akiwa tayari ana matunda, yakusanyeni na kuyachoma, msiyatupe kwenye ua wa masale ndege wakayapata.

Ikiwa ameshika shina kuu, ambalo halikatiki, mpunguzeni kila baada ya miezi mitatu hadi minne kwa kumkata sawasawa na gome. Hatakufa upesi, ila hatatoa tunda, na bila majani yake atadhoofika. Msichimbe shina kumtafuta.

Wapangaji wa kawaida waacheni, isipokuwa pale ambapo kangaga na udongo wake vimejaza kwapa la tawi lililokwisha kuoza. Masika hujaa maji na uzito huo huangusha tawi juu ya migomba. Hapo punguzeni kwa mikono. Okidi zikianguka zifungeni kwa kamba ya mgomba kwenye tawi lingine lenye kivuli chepesi, mizizi ikigusa gome, wala msizipande kwenye udongo, zitaoza.

Miezi miwili baada ya kupogoa, mjukuu apande ngazi aangalie chini ya kila mkato. Pakitokea chipukizi la jani nene lisilofanana na la parachichi, hamkukata mbali vya kutosha: ongezeni sentimita 30 nyingine.